Panga Nilizoandika Ubaoni

Kosa langu lilikuwa sahihi kisarufi. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaposimulia habari hii huanza na mgambo na virungu vyao, utafikiri mimi nilikuwa jambazi. Niliandika neno moja kwenye ubao wa matangazo wa shule. Neno hilo lina umoja wake na wingi wake, na wingi nilioutumia ndio tuliofundishwa darasani.

Nilikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, huku kwetu Ringwani. Mwaka huo rashi ilikuwa imetufikia. Rashi ni neno la wachimbaji: mtu anaokota jiwe lenye kung'aa kwenye shamba la mihogo, anajaribu kunyamaza, anashindwa, na baada ya wiki mbili shamba lina watu kuliko mnada wa ng'ombe. Kilima cha nyuma ya shule kiligeuka maturubai na mashimo, ambayo wenyewe wanayaita maduara. Karasha, zile mashine za kusagia mawe, zilinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Walimu wakazoea kufundisha kwa kelele. Mimi, ambaye sauti yangu haivuki dawati la pili, nikapata kisingizio.

"Jibu kwa sauti!" mwalimu wa hesabu alikuwa akisema.

"Nimejibu, mwalimu. Ni karasha."

Jirani yangu wa dawati alikuja na rashi. Baba yake alikuwa fundi baiskeli huko Nkende, Tarime mjini, akaacha kila kitu akaja kuchimba. Binti huyo alikuwa na maneno, jamani. Siku ya kwanza aliniangalia nikijitambulisha kwake, akanisogezea sikio, kisha akasema, "Wewe unaongea kama simu iliyobakiza chaji ya mwisho." Tukawa marafiki kuanzia hapo. Yeye aliongea kwa ajili ya wote wawili, mimi nikaandika. Nilikuwa na daftari la mambo yangu, na humo sikuwa na aibu hata kidogo.

Kila Ijumaa saa nane mchana, klabu ya historia ilimsimamisha mwanafunzi mmoja aongee. Zamu yangu ilikuwa imefika mara mbili, na mara zote mbili niliugua. Mwalimu wetu wa historia, mama mmoja mpole lakini haongopewi, aliniita ofisini.

"Safari hii ukiugua tutakuja klabu nzima nyumbani, uongee ukiwa kitandani. Chagua mada."

Kabatini kwake kulikuwa na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada, kimeliwa na mende pembeni. Kilihusu panga za hadithi za kale za dunia. Nilikichukua kwa sababu kilikuwa na picha. Nilikaa nacho wiki tatu, na kamusi pembeni, na nikwambie ukweli, sikuwahi kufurahia kitu cha shule namna ile.

Kulikuwa na upanga uliochomekwa kwenye jiwe. Wenye misuli waliuvuta hadi mishipa ikawatoka shingoni, ukaja kuchomolewa na kijana ambaye hakuna aliyemhesabu. Kulikuwa na mwingine wa Japani. Shujaa alikuwa akimkatakata nyoka mwenye vichwa vinane, akafika mkiani, upanga wake ukapata pengo. Akachungulia ndani ya mkia, akakuta upanga mwingine mzuri kuliko wake. Kulikuwa na mmoja ambao ukiuchomoa alani haurudi mpaka umeua mtu. Huo sikuupenda. Nilijiuliza mwenye nao aliusafishaje. Na ulikuwepo wa Vietnam, niliousoma mara nne: mfalme aliazimwa upanga na mkuu wa viumbe wa chini ya maji, akafukuzia maadui, na nchi ilipotulia kobe wa dhahabu akaibuka katikati ya ziwa, akamwambia, Sasa leta. Mfalme akautoa.

Nilipofika hapo nikakumbuka kwamba hata sisi tunao.

Babu yangu mzaa baba alikuwa na upanga. Sisemi panga la kufyekea, hilo kila nyumba lipo nyuma ya mlango. Sisemi sime pia. Huu ulikuwa mrefu, umenyooka, una pande mbili na ncha, mpini wake umevikwa ngozi ya ng'ombe iliyokuwa nyeusi kwa jasho. Ulining'inia juu ya kitanda chake ndani ya ala. Baba yake babu alikuwa amelala na ndama wakati simba alipovuka kutoka mbugani. Mbwa walikuwa bado hawajasikia kitu, upanga ukaanza kulia alani. Mzee akaamka, akasimama nao kwenye lango la zizi, ukiwa unalia mkononi mwake, na simba akageuka akaenda zake. Ndivyo tulivyosimuliwa, na ukoo wetu unajulikana kwa hilo. Watu wakitaka kuelekeza kwetu husema, kule kwa wenye upanga.

Babu hana herufi L mdomoni, kama wazee wengi wa huku. Maneno yake nayaandika kwa tahajia ya shule, isipokuwa neno moja, kwa sababu kwa tahajia ya shule linapoa.

"Shikamoo babu. Naomba upanga niende nao shuleni Ijumaa."

"Marahaba. Unaenda kumkata nani?"

"Hakuna. Naenda kuusema."

Alicheka hadi akakohoa. "Wewe? Utausema kwa mdomo upi?" Lakini aliushusha mwenyewe, akaufuta vumbi kwa kiganja. "Waambie, unaria. Usisahau. Hao wanaokuja na mashine zao wanadhani huku tulikuwa tunakaa tu na nyani. Waambie, upanga huu unaria."

Alhamisi jioni nilitoka nao nyuma ya nyumba, peke yangu, nijizoeze kuushika. Nikaona bua la mtama limesimama pale. Nikalipiga. Bua likainama, likarudi likasimama. Nikapiga tena kwa nguvu zote. Nikapitisha kidole kwenye makali, kwanza kwa woga, kisha bila woga: pande zote mbili zilikuwa butu kama mgongo wa kijiko. Na kulia kwake nikakuona pia. Msumari ulioshika mpini ulikuwa umelegea. Mkono ukitulia, upanga unanyamaza. Mkono ukitetemeka, chuma kinagonga ndani ya mpini, kinatoa kilio chembamba kama cha mbu aliyebanwa.

Nilikaa chini kwenye majani. Kwa hiyo mzee wetu wa kwenye zizi alikuwa akitetemeka. Jambo hilo halikunifanya nimdharau, nilimpenda zaidi. Lakini babu hakuwa mtu wa kuambiwa hivyo, na mimi sikuwa na mpango wa kumwambia mtu.

Sasa, tangazo. Nililibandika Jumatano kwenye ubao ulio langoni, karibu na barabara ya kwenda kilimani. Niliandika kwa kalamu ya wino mzito:

IJUMAA SAA NANE. PANGA ZILIZOTIKISA DUNIA. WOTE MNAKARIBISHWA. MSIKOSE.

Umoja upanga, wingi panga. Upanga huu, panga hizi. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa amenipa vema kwa swali hilo hilo. Tatizo ni kwamba huku kwetu Kiswahili tunakivaa kama sare, tukitoka shule tunakivua. Mtaani hakuna anayesema upanga, isipokuwa akitaja ule wetu. Kuna panga, na kuna mapanga mengi, na kila mtu anajua ni ya nini. Na wiki hiyo makundi mawili kilimani yalikuwa yakigombania duara moja, watu wawili walikuwa wamekatwa mikononi, na mtendaji wa kijiji alikuwa amepiga marufuku mtu yeyote kupita barabarani na panga mkononi. Wakulima walibeba mapanga yao wameyafunga kwenye viroba.

Mtu akasoma tangazo langu akiwa njiani kwenda kilimani. Akaenda moja kwa moja kwa mtendaji.

Ijumaa mwalimu wetu wa historia alikuwa amesafiri kwenda Bomani, mjini, kwenye mambo ya familia. Mimi nilikuwa mbele ya darasa, nimefungua kanga niliyouzungushia upanga, wanafunzi kama ishirini wamekaa. Nilikuwa nimefikia neno "Habari za mchana" nilipomwona mtendaji mlangoni na mgambo wawili.

"Nani kiongozi wa jambo hili?"

Jirani yangu akanyoosha kidole akanionyesha, masikini, alidhani wamekuja kusikiliza.

"Wewe binti ndiye uliyeita watu na mapanga?"

Nilifungua mdomo. Ndani ya kichwa changu kulikuwa na sentensi kamili, yenye nukta: Hapana mtendaji, ni wingi wa upanga. Haikutoka. Nilimwangalia mkanda wa suruali yake, nikaona una matundu mawili ya kutobolewa kwa msumari, na hicho tu ndicho ninachokumbuka. Mgambo mmoja akauchukua upanga mezani, akaupima uzito.

"Mtendaji, hii si ya kufyekea. Hii ni ya mtu."

"Leta. Jumatatu mwenye mali aje ofisini. Saa kumi gari la wilaya linakuja kuchukua silaha zote tulizokusanya, na zikienda huko zinaharibiwa. Asipokuja asinilaumu."

Wakaondoka nao. Jirani yangu aliniangalia. "Si ungesema kitu!"

"Nilisema."

"Ulisema nini?"

"Moyoni."

"Moyoni ndiyo wapi? Kwani mtendaji ni malaika?"

Nilimwambia babu siku hiyo hiyo, nimepiga magoti. Hakunigombeza, heri angenigombeza. Aliingia ndani, akakaa kitandani, akatazama ukuta ulipokuwa ukining'inia. Siku mbili alikula nusu nusu. Mama aliniambia jikoni, bila kugeuka, "Yule mzee ukienda huo upanga atakwenda nao." Nikajua kwamba mimi ndiye niliyeupoteza, na mimi ndiye nitakayeurudisha. Niliandika kwenye daftari yote nitakayosema. Nilijua kwamba njia ya uhakika ni moja tu: kuonyesha kwamba hauwezi kuumiza mtu. Kitu kisichokata si silaha. Lakini hiyo ilikuwa na maana ya kumvua babu nguo hadharani. Nilichora mstari juu ya sentensi hiyo, nikaiandika tena, nikaichorea tena mstari.

Jumatatu baraza la ofisi lilijaa. Makundi yale mawili ya duara yalikuwa pale kwa kesi yao, kila moja upande wake. Mezani kulikuwa na mapanga yaliyonyang'anywa, kutu na vumbi, na katikati upanga wetu. Babu alikaa kwenye benchi la wazee na kofia magotini. Jirani yangu alitoroka kipindi cha jiografia akaja.

"Mzee," mtendaji alisema, "nakuheshimu. Lakini kitu hiki kina pande mbili na ncha. Hakuna shamba linalolimwa na kitu cha namna hii. Na huyu mjukuu wako ametangaza panga wakati watu wanakatana."

"Muulize yeye," babu akasema. "Mimi nilimpa akauseme. Bado hajausema."

Nikasimama. Nikaanza. Kwanza nikaeleza umoja na wingi, upanga na panga.

"Hatusikii!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Paza sauti, dada!"

"Nyamazeni nyie!" Huyo alikuwa jirani yangu. "Ndiyo sauti yake hiyo, hana nyingine! Fungeni midomo mtasikia!"

Watu wakacheka, wakasogea. Mtendaji alirudia taratibu, "Upanga, panga," akajaribu tena, kisha akamgeukia mgambo. "Yuko sahihi. Ungeandika upanga mmoja mmoja, binti, tusingefika huku." Wakacheka tena, lakini sasa hawakuwa wakinicheka mimi, na hapo nikahisi miguu yangu iko chini.

Nikawasimulia. Nikawapa wa jiweni, na wa ndani ya mkia wa nyoka, na ule usiorudi alani bila kuua. Mchimbaji mmoja mwenye tope hadi magotini akasema, "Huo tunao kilimani," na hakuna aliyecheka sana. Nikawapa kobe.

"Wa dhahabu kabisa?" akauliza mwingine.

"Wa dhahabu."

"Na mfalme hakumshika huyo kobe?"

"Hakumshika. Alirudisha upanga."

"Mfalme mjinga," akasema, na watu wa kundi la pili wakakubaliana naye, nadhani kwa mara ya kwanza mwezi huo.

"Hadithi ni nzuri," mtendaji akasema, "lakini wa kwenu uko mezani, si ziwani. Shika uonyeshe."

Nikaushika. Mkono ulikuwa unatetemeka, sina haja ya kuficha, na upanga ukaanza. Kilio chembamba kile.

"Unalia!" mama mmoja akasema, akashika kifua. "Kumbe ni kweli!"

Babu akainua kidevu. Ningeweza kuachia hapo. Ilikuwa nzuri pale ilipofika. Lakini yule mgambo akasema, "Kulia si kosa. Tunauliza kukata," na mtendaji akatikisa kichwa kumkubalia, akatazama saa yake. Ilikuwa saa tisa na nusu.

Nikamtazama babu. Yeye hakunitazama.

"Haukati," nikasema. Nikakunja mkono wa sweta, nikauburuza upanga juu ya mkono wangu, kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye kifundo, nikikandamiza. Upande mmoja. Nikaugeuza, upande wa pili. Nikainua mkono wote wauone. Hakukuwa na hata mchubuko.

Kicheko kilichotoka hapo bado ninakisikia. "Haukati hata ugali!" "Wenye upanga, kumbe wenye mwiko!" "Simba alikimbia kelele!" Nilisimama katikati ya hayo yote, na nilijua nimeuokoa upanga, na nilijua nimefanya nini. Sikuinamisha kichwa. Nilikuwa nimesema kweli, na kama kuna mtu wa kulipa kwa hilo, basi na anipige mimi.

Babu akasimama. Ilimchukua muda, magoti yake ni mabovu. Alingoja wamalize kucheka.

"Ulikuwa unakata," akasema. "Makali niliyatoa mimi."

Alisema kama mtu anayeeleza mahali alipochimba kisima. Baada ya baba yake kufa, upanga ulikwenda kwa kaka yake mkubwa. Ulitokea ugomvi wa ng'ombe na watu wa ng'ambo ya mto. Kaka yake alitoka nao asubuhi, akarudi mchana, akaosha mikono, akala. Mtu aliyekatwa alikuwa amewahi kulala nyumbani kwao, alikuwa amewaletea mbegu za ulezi. Kaka yake hakuutaka tena upanga ule ndani mwake. Babu akauchukua, akakaa mtoni siku tatu, akausugua kwenye jiwe makali ya pande zote mbili, hadi jiwe likapata mfereji.

"Nilitaka kuutupa majini," akasema. "Nikashindwa. Ulikuwa wa baba. Kwa hiyo nikauacha uwe na sauti tu. Unaria. Basi."

Watu wa makundi yale mawili hawakukumbatiana, nisije nikadanganya. Kesi yao iliendelea wiki nzima baadaye, kwa matusi. Lakini pale barazani hakuna aliyeuita mwiko tena, na yule mchimbaji mwenye tope alimsogezea babu kiti chenye mgongo.

Mtendaji akafungua daftari la vitu vilivyokamatwa. Akaandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika. "Unarudi nyumbani," akasema. "Usitoke barabarani bila kufungwa. Mzee, njoo uweke dole gumba, hapa kwenye mmiliki."

Babu hakusogea. "Aweke sahihi huyu."

"Mzee, nimesema mmiliki."

"Nimesikia. Masikio bado ni yangu."

Yule mgambo aliingilia, tena kwa adabu. "Mzee, una wajukuu wa kiume. Huyu kesho anaolewa, upanga unakwenda kwa watu."

"Hao wa kiume wako kilimani wanatafuta mawe," babu akasema. "Kati yao kuna aliyekuja hapa kuusemea? Mpe kalamu."

Mtendaji alinitazama, kisha akanipa kalamu. Niliandika jina langu, na la baba, na la babu, bila haraka. Alipiga muhuri kabla wino haujakauka, ukachafuka kidogo kwenye jina la mwisho.

"Nenda nao," akasema. "Funga vizuri, usimkune mtu."

Niliuzungushia kanga, nikaupakata. Nilipotoka nje, babu alikuwa ameshatangulia njiani, anatembea polepole, mikono yote miwili mitupu.